Laini Kongwe ya Tukuyu

Subilaga alikuwa na kawaida ya kutazama viatu vya mtu kabla ya kusikiliza maneno yake. Viatu vya kijana huyu vilikuwa vimefutwa vizuri juu, lakini kwenye mishono kulikuwa na tope jeusi la Rungwe. Alikuwa ametoka mbali, akasimama mlangoni kuvifuta. Mtu anayefuta viatu kabla ya kuingia kwa dalali ama ana adabu, ama ana jambo.

"Karibu kiti," alimwambia. "Nionyeshe."

Kijana alikaa ukingoni mwa kiti. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Naitwa Ambakisye, dada. Nimekuja na namba tu. Laini yenyewe ni ya mama yangu, imo kwenye kishikwambi chake, kule Tukuyu. Hapendi kitoke nyumbani."

"Na yeye mwenyewe?"

"Miguu inamsumbua. Lakini unaweza kumpigia sasa hivi. Utamwona uso, utamsikia sauti, atakubali mbele yako."

Subilaga aliitazama ile mikono mitupu. Pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, alijulikana kama Mama Laini, na hakulipata jina hilo kwa kukubali nyuso za kwenye vioo vya simu. Siku hizi uso bandia ulisukumwa kama chapati, na sauti vilevile. Jirani yake wa biashara aliwahi kukubali uso wa mzee mmoja kwa simu. Mzee alicheka, akatikisa kichwa, akasema nimeridhia. Baadaye ikajulikana kuwa mzee alikwishazikwa kabla ya mvua za mwaka ule, na jirani yule yuko gerezani mpaka leo.

"Nipe namba," alisema.

Aliiingiza kwenye kipimo chake, akangoja. Mashine ilitulia kidogo, kisha ikaonyesha alama ya kijani. Ilikuwa laini kongwe kweli, moja ya zile za kishikwambi, bila kikomo, haijawahi kuhamishwa.

Aliirudia namba tarakimu kwa tarakimu, uso wake ukiwa vilevile.

Miaka hiyo data iliuzwa kwa matone. Mtu alinunua tone la kupiga simu, tone la kusoma habari, tone la kumwona mtoto wake aliye mbali, na tone likikauka kioo kilizimika katikati ya neno. Lakini zamani, kampuni za simu zilipokuwa zikigombania wateja, ziliuza kadi za vishikwambi kwa ahadi moja nyepesi: lipia mwezi, tumia utakavyo. Kampuni zile zilikufa, zikamezana, zikabadili majina. Ahadi ikabaki kwenye mikataba. Mahakama ikaamua kwamba lazima itimizwe hadi mwenye laini afe, au laini izimwe mwezi mzima. Ikaamua pia kwamba mwenye laini anaweza kumhamishia mtu mwingine, mara moja tu. Hiyo mara moja ndiyo iliyomlisha Subilaga. Kila mwaka wazee walikufa na laini zao, na zilizobaki zikazidi kuwindwa. Wiki ile tu hoteli moja kubwa ya Dodoma ilikuwa imemwomba atafute laini kama hiyo, ili wageni watazame mpira kwenye kuta nzima za vyumba vyao.

Alifungua ukurasa wa matumizi, akakunja uso.

"Mama yako anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Anatazama nini mchana kutwa?"

"Kwaya," Ambakisye alisema. "Anapenda sana kwaya."

Alijibu upesi mno. Subilaga akageuza kipimo amwonyeshe.

"Kwaya huingia, mdogo wangu. Tazama hapa. Hapa vitu vinatoka. Tangu alfajiri mpaka anapolala kuna kitu kinatumwa nje bila kupumzika, kama bomba lililoachwa wazi. Nyumba yenu inatuma nini?"

"Sijui mambo hayo, dada. Mimi nakaa huku Mbeya, na yeye mambo ya mashine haelewi."

Kwa hesabu za Subilaga kulikuwa na mambo mawili tu. Ama kuna watu wameichepusha laini ya mama huyu na kuitumia kwa biashara ya siri, ama hakuna mama.

"Kesho asubuhi tutakwenda kumwona," alisema. "Mimi na wewe, kwa gari langu."

Uso wa kijana ukapitiwa na kitu kama kivuli. Kisha akasema sawa.

Kulipokucha hakutokea. Badala yake ulikuja ujumbe: Nimetangulia jana jioni, dada, nikamwandae mama. Fuata barabara ya chai, nitakuwa njiani nakusubiri.

Kumwandaa. Subilaga alilirudia neno hilo njia nzima. Mama wa kweli huandaliwa nini?

* * *

Ambakisye alikuwa amesimama kando ya barabara, chini ya nyumba, suruali imelowa umande. Kilima kilikuwa na utelezi, kwa hiyo gari liliachwa pale chini wakapanda kwa miguu katikati ya migomba. Ambakisye alitangulia. Mara mbili aligeuka kama anayetaka kusema kitu, na mara zote mbili akasema tu, "Angalia hapo, panateleza."

Nyumba ilikuwa ya saruji, ndogo, imefagiliwa. Barazani alikaa mama mtu mzima, mnene kidogo, amevaa sweta la kijivu na miwani mikubwa yenye fremu nene. Kabla Subilaga hajafika ngazini, mama aligeuza uso, akatulia kidogo, kisha akatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Kitenge cha kijani kimekupendeza."

"Ahsante, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye Tumpe. Ingia, nje kuna baridi. Ambakisye, na wewe shati hilo jipya? Michirizi ya bluu. Safi sana."

"Ndiyo, mama," alisema mwanawe, akitazama pembeni.

Ndani kulikuwa na meza, thamosi ya chai, vikombe, na kishikwambi chenyewe, kizee, kona moja imepasuka, kimechomekwa kwenye umeme. Subilaga alianza maswali yake kama kawaida. Laini ilinunuliwa wapi? Duka la karibu na stendi ya zamani, Mbeya mjini. Aliyemuuzia alikuwa nani? Msichana mwenye pengo, aliyemdanganya kwamba atapewa na mwavuli. Kwa nini alinunua? Marehemu mumewe alitaka kusikiliza mahubiri. Majibu yalitoka laini, bila kukwama, na usoni alikuwa sawasawa na picha iliyo kwenye kumbukumbu za laini.

Ila kulikuwa na jambo. Alipoulizwa ya zamani, alijibu papo hapo. Alipohitaji kujibu kuhusu kitu kilichopo mbele yake, palikuwa na mwanya mdogo, kama wa mtu anayesubiri mkalimani. Subilaga alitoa kitambulisho chake cha udalali akamnyooshea.

"Huyu ndiye mimi, mama. Usije ukasema umeibiwa na mtu usiyemjua."

Mama Tumpe alikishika, akakikabili. Mwanya. Kisha akasoma: "Subilaga Mwakyoma. Dalali aliyesajiliwa. Hakiruhusiwi kuhamishwa. Kikiokotwa kirudishwe kituo chochote cha polisi."

Subilaga alikipokea kitambulisho polepole. Katika miaka yake yote ya kazi hakuna mtu aliyewahi kusoma yale maandishi madogo ya chini. Mtu akipewa kitambulisho husoma jina, hutazama picha, hurudisha. Anayesoma kila neno ni yule anayerudia anachosomewa.

Akatazama vizuri. Nyuma ya sikio la mama, chini ya kitambaa cha kichwani, kulikuwa na kitu kidogo cheusi kilichogusa mfupa.

Basi ni hivyo, aliwaza. Kuna mtu yuko mahali anatazama kupitia miwani hiyo na kumwambia aseme nini. Ndiyo maana laini inatuma mchana kutwa. Huyu si mwenye laini. Ni dada yake, au binamu, au mama yeyote wa Tukuyu anayefanana naye, na Tumpe halisi yuko kaburini nyuma ya migomba.

Alijilaumu kwa kuja peke yake. Kisha akapata njia ya kuhakikisha.

"Ambakisye, mdogo wangu, mkoba wangu mwekundu nimeusahau garini. Ndimo ilimo mashine ya kuandikia ridhaa. Niletee tafadhali, funguo hizi hapa."

Kijana alisita, akamtazama mama yake, kisha akatoka. Walisikia hatua zake zikishuka.

"Acha nikumiminie chai angali anashuka," alisema Mama Tumpe. Akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye thamosi, akafungua, akasogeza kikombe, akaanza kumimina.

Subilaga aliinama juu ya kishikwambi kama anayekikagua. Kwa ukucha alibonyeza pembeni, kijidroo cha kadi kikatoka. Akakivuta.

Mama Tumpe aliendelea kumimina. Chai ilijaa, ikafika ukingoni, ikamwagika mezani, ikakimbilia ukingo wa meza na kudondokea mapajani mwake. Ndipo aliposhtuka na kuinua thamosi. Hakupiga kelele. Aliishusha polepole, akitafuta meza kwa kitako cha thamosi mpaka akaipata, kisha mkono wake ukapapasa hewani, ukagusa kikombe, ukakisukuma, kikaanguka sakafuni na kuvunjika.

Macho yake nyuma ya vioo yalikuwa yanatazama ukuta.

"Umeitoa," alisema.

Subilaga alibaki na kijidroo mkononi.

"Irudishe, mwanangu. Irudishe kabla hajapanda."

* * *

Laini kongwe huchelewa kushika mtandao. Subilaga alirudisha kadi, kisha akapiga magoti akamfuta mama chai ya moto kwa kitenge chake, huku akisema pole, pole mama, sikujua. Ngozi ilikuwa imewiva lakini haikutoa lengelenge.

"Ni presha ya macho," Mama Tumpe alisema kwa sauti ya chini. "Ilianza pembeni ikaja katikati. Sasa ni miaka. Miwani hii nilipewa na watu wa misheni, wakati data ilikuwa bado kama maji ya mvua. Yenyewe haina akili. Inapiga picha tu, inazituma kwenye mitambo huko mbali, na mitambo inanirudishia maneno sikioni. Kulia mlango. Mbele kikombe. Mtu amesimama. Wenzangu waliopewa pamoja nami, matone yalipoanza, walizitia sandukuni. Mimi nilikuwa na laini ya mahubiri."

Akainamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Imerudi. Inasema mwanamke amepiga magoti, anatazama chini. Inuka, mwanangu. Okota vile vigae kabla havijamkata mtu."

Subilaga aliokota. "Na Ambakisye?"

"Hajui. Anakuja Jumapili, anakuta nimepika, nimefagia, namsifia shati lake, anarudi mjini roho kwatu. Akijua hatakubali niuze."

"Kwa nini uuze, mama? Ukiuza utabaki gizani."

"Ana mtoto. Tusajigwe. Mwaka mmoja na nusu. Amezaliwa hasikii kabisa. Hospitali ya rufaa wamesema kuna kifaa cha kumwekea ndani ya sikio, atasikia, atasema kama wenzake. Lakini kina wakati wake. Lugha ikishampita, hata akiwekewa itakuwa kelele tu." Alijifunika shuka mapajani kuficha pale palipolowa. "Mimi nimeona, mwanangu. Nimeona harusi, nimeona misiba, nimeona Rungwe imevaa wingu asubuhi. Yeye hajasikia hata jina lake."

"Sheria inanilazimisha nikuulize, mama. Kama laini inabeba kifaa cha mwili, iwe pumzi, iwe moyo, iwe macho, haihami mpaka daktari aandike kwamba mwenyewe umeelewa. Nikificha wananinyang'anya kazi, au wananifunga."

"Uliza. Nitasema hapana. Wewe umesikia hapana, umeandika hapana. Nani atakufunga kwa masikio yako?"

Hatua zilisikika zikipanda. Mama Tumpe akanyoosha sweta lake, akageukia mlango, akatulia kidogo.

"Umeupata mkoba? Mgeni amevunja kikombe changu," alisema kwa kicheko. "Watu wa mjini hawana mikono."

* * *

Subilaga aliomba kwenda msalani. Alihitaji mahali pa kusimama bila kutazamwa na miwani ile.

Alipotoka mlango wa jikoni alikutana na kamba. Ilikuwa ya manila, ya bluu, mpya kabisa, mafundo yake hata hayajapata vumbi. Ilianzia kwenye mwimo wa mlango, ikapita kwenye nguzo zilizochimbiwa upya, ikafika mpaka mlango wa choo. Nyingine ilitoka hapo ikaenda bombani. Aliigusa. Ilimfika kiunoni.

Alirudi akachungulia jikoni. Makopo yalikuwa yamepangwa kwa mstari. La chumvi lilifungwa mpira mmoja, la sukari miwili, la majani ya chai mitatu.

Ambakisye alimkuta hapo.

"Kamba hii ya nini?" Subilaga alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Ya kuanika nguo."

"Nguo gani zinaanikwa kiunoni?"

Kijana akatazama migomba.

"Umejua tangu lini?"

Akaishika ile kamba. "Tangu Pasaka," alisema. "Mtandao ulikatika eneo zima. Niliingia ndani kimya, nikamkuta amesimama katikati ya chumba, mikono mbele. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa. Mkono wake ulinipita hapa." Aligusa kifua. "Nikatoka tena nje kinyumenyume, nikangoja mtandao urudi, ndipo nikabisha hodi."

"Hukumwambia."

"Ningemwambia, ningelazimika kukataa." Kisha, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno hayo, akaongeza: "Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niuze. Mimi sikumwomba, dada. Mungu ni shahidi, sikumwomba."

Subilaga alimtazama viatu. Vilikuwa vimejaa tope mpaka kwenye kamba, na safari hii hakuwa amevifuta. Tangu jana alikuwa akimdhania mwizi, na sasa alipojua ukweli wote hakuweza kusema kama amekosea. Kijana alifunga kamba zile kwa mikono yake, giza likiingia, kwa upendo usio na shaka. Na alizifunga kwa sababu alikwisha kuamua kumwacha mama yake gizani bila kumtazama usoni.

Angeweza kuandika hapana. Mama angekuwa na siri yake, mwana siri yake, mtoto masikio yake, hoteli mpira wake. Kila mtu angelala. Kilichomsumbua ni kwamba Mama Tumpe aliamini anatoa zawadi kwa siri, kumbe anayepokea alikuwa akimhesabia hatua za kwenda chooni.

"Twende ndani," alisema. "Mashine inapoteza chaji."

* * *

Aliweka mashine ya ridhaa katikati ya meza. Taa yake ndogo iliwaka. Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati, kwa hiyo ilibidi wasogee karibu. Mama upande huu, mwanawe upande ule kama shahidi wa familia.

"Tumpe Mwaipaja, unaihamisha laini hii kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Kuna mtu amekulazimisha au kukutisha?"

"Hakuna."

"Laini hii inabeba kifaa chochote cha mwili wako?"

Mvua iliongezeka. Bati likanguruma.

"Hapana," alisema Mama Tumpe.

Hapo ndipo madalali wote humalizia. Kuna swali moja zaidi kwenye kanuni ambalo hakuna anayelisoma, kwa sababu shahidi huwa amekaa palepale na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa jibu. Subilaga alilisoma.

"Shahidi, umesikia jibu la mwenye laini. Jibu hilo ni la kweli?"

Mama Tumpe aligeuza kichwa. "Hilo nalo linaulizwa?"

"Linaulizwa, mama."

Ambakisye alifungua kinywa, akakifunga. Vidole vyake vilishika ukingo wa meza, pale chai ilipokuwa imemwagika. Subilaga alimwona akipima, kama mtu aliyesimama na mzigo kichwani, hajui ataushusha upande gani. Kama angesema ndiyo, Subilaga angeandika ndiyo. Alikuwa amekwisha kujiapia hivyo.

"Si kweli," alisema kijana.

"Umesema nini?"

"Si kweli, mama. Huoni. Nimejua tangu Pasaka."

Mama Tumpe alikaa bila kusogea. Kisha akavua miwani, akaishika mapajani, na uso wake bila miwani ulionekana mdogo na mkali.

"Tangu Pasaka," alisema. "Na kila Jumapili ukaniacha nikusifie mashati."

"Nilikuwa navaa mapya ili upate la kusema."

"Nyamaza."

Akanyamaza. Machozi yalimshuka kijana na hakuyafuta. Subilaga alinyoosha mkono akazima taa ya mashine.

"Leo haiuzwi," alisema. Alihisi wepesi kifuani, kwani aliamini kuwa mambo yamekwisha, kwamba ukweli ukishasemwa mama atabaki na macho yake.

"Nani amekwambia haiuzwi?" aliuliza Mama Tumpe. "Leo haiuzwi kwa uongo. Huyo daktari wa sheria yenu anapatikana wapi?"

"Mama, hapana," alisema Ambakisye. "Tutatafuta njia nyingine."

"Ipo?"

Ambakisye aliinamisha kichwa.

"Ipo, Ambakisye? Umetafuta mwaka mzima. Kama ipo, nitajie hapa mgeni akisikia." Mama alimngoja. Mvua ilijibu badala yake. "Basi. Nilitaka kukupa ukiwa hujui, ili usibebe. Ulikuwa unajua, na ukataka nisijue kwamba unajua, ili usibebe. Sasa utabeba. Mimi natoa macho, na wewe utanitazama nikitoa."

* * *

Daktari alimuuliza Mama Tumpe maswali mengi, akiyarudia kwa namna tofauti, akitafuta mahali alipotishwa. Hakupaona. Akaandika kwamba ameelewa.

Subilaga ndiye aliyechelewesha. Ambakisye alikuwa ameahidi kwamba yeye na mkewe watahamia Tukuyu, wakae na mama. Subilaga hakumwamini. Alimwambia waziwazi kwamba ahadi ya mtu mwenye haja ni kama tone la data, linakatika katikati ya neno, na kwamba hatahamisha kitu mpaka aone kwa macho yake. Hoteli ilipiga simu, ikanung'unika, ikatishia kununua kwingine. Aliwaambia wanunue. Alipokwenda kukagua mara ya kwanza alikuta nyumba iko vilevile, akashuka bila kusalimia. Mara ya pili alikuta kitanda cha mtoto, sufuria za mke jikoni, na mke mwenyewe, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, akimenya ndizi huku kamba ya bluu imemgusa mgongo.

"Kazi ya mjini umeachaje?" alimuuliza Ambakisye.

"Nimeomba kiwanda cha chai hapa chini. Wamenipa zamu."

Subilaga alishuka hadi kiwandani akauliza. Ilikuwa kweli. Akarudi, akavua viatu mlangoni, akaingia.

Walikuwa wamekaa chumba kilekile. Tusajigwe alikuwa mapajani mwa bibi yake, akivuta vifungo vya sweta. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye macho ya kufuata kila kitu, na alipomwona Subilaga alicheka bila sauti nyingi. Upasuaji ulikuwa umepangwa. Hoteli haikuwa imepata laini nyingine, na fedha zake zilingoja kadi tu.

"Mama," Subilaga alisema, "bado unaweza kukataa. Hata sasa."

"Najua. Umeniambia mpaka nimechoka." Mama Tumpe alimgeukia mjukuu wake, akatulia kama ilivyo kawaida yake, akisikiliza sikioni. "Inasema mtoto wa kike. Inasema anatabasamu. Ndivyo inavyosema kila siku, anatabasamu, analia, amelala."

Akavua miwani mwenyewe, akaikunja, akaisukuma mezani mbali naye. Kisha akaweka viganja vyote viwili usoni mwa mtoto.

Mtoto alitulia. Vidole vilianza kwenye paji, vikashuka kwenye nyusi, puani, vikarudi. Kwenye shavu la kushoto vikasimama.

"Ana kishimo hapa," alisema Mama Tumpe.

"Ndiyo, mama," alijibu mke wa Ambakisye.

"Tangu lini?"

"Amezaliwa nacho."

"Mbona haikuniambia?"

Miwani ililala mezani, imekunjwa. Ambakisye alikuwa anamtazama mama yake, kama alivyoamriwa, na hakugeuza uso.

Subilaga alibonyeza pembeni mwa kishikwambi, akaichomoa kadi. Mama Tumpe hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa bado safarini, polepole, vikitoka shavuni kwenda sikioni.